Mdogo wangu kapata divisheni two ila fizikia ana F na anataka unesi, hii F ya opsheni ina madhara gani?

kaka wa Kyela

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo linanikosesha usingizi na hapa nyumbani hakuna wa kumuuliza maana mimi mwenyewe niliishia form four kitambo na madaraja yameshabadilishwa tangu enzi zetu.

Mdogo wangu wa mwisho matokeo yake ya form four yametoka, kapata divisheni two ya pointi 20. Tulifurahi sana, mama alichinja kuku siku hiyohiyo kwa sababu shule yenyewe ni ya kata na wasichana waliopata two pale ni wa kuhesabu. Yeye peke yake ndo alikuwa kanyamaza, akanipa simu akasema kaka hebu angalia vizuri. Nikaangalia: Uraia C, Historia C, Jiografia B, Kiswahili B, Kiingereza C, Baiolojia C, Kemia D, Hisabati D, Fizikia F.

Fizikia na kemia kwao zilikuwa opsheni, walivyomaliza mtihani wa form two waliambiwa anayetaka sayansi abaki na hizo mbili, asiyetaka aende masomo ya biashara. Huyu akabaki kwa sababu anataka unesi tangu yuko darasa la tano, bibi yetu aliugua kidonda cha mguu karibu miaka mitatu na ni yeye aliyekuwa anamwosha na kumfunga bandeji kila akitoka shule kabla hata hajavua sare. Sasa mwalimu wa fizikia akahama wao wakiwa form three na hakuletwa mwingine mpaka imebaki kama miezi minne kabla ya mtihani, kipindi chote hicho walikuwa wanasomeshana wenyewe kwa daftari waliloachiwa na wanafunzi wa mwaka wa nyuma.

Jirani yetu anasema F ya opsheni haina shida hawaihesabu. Binamu yangu anasema cheti kimeshaingia doa hata chuo hawatampokea. Naombeni wenye ufahamu mnisaidie, je divisheni yake iko salama, je anaweza kwenda form five, na huu unesi bado upo au ndo basi tena? Natanguliza shukrani.

Mpiga Debe

Hongera kwa mdogo wako mkuu. Two ya 20 siyo mchezo, opsheni haihesabiwi kabisa wanachukua masomo saba bora tu. Mwambie dogo atulie aombe chuo cha unesi, hiyo F hakuna atakayeiangalia.

Ticha wa Maabara

Kaka wa Kyela hongera sana kwa huyo binti. Ila naomba usifuate ushauri wa hapo juu kabla hujasoma hapa maana nusu yake ni kweli na nusu itakupotezea hela ya fomu.

Mimi nafundisha fizikia na kemia sekondari mwaka wa kumi na mbili sasa, na hili swali naulizwa kila matokeo yakitoka. Watu wanachanganya mambo matatu tofauti, divisheni, kombi na kozi, wanadhani somo likisamehewa sehemu moja limesamehewa kote.

Divisheni ni kweli wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mpigie hesabu mdogo wako, Jiografia na Kiswahili ni 4, halafu ana C nne ambazo ni 12 inakuwa 16, la saba ni D moja 20. Hapo imebaki D moja na hiyo F zimekaa pembeni hazijagusa kitu. Divisheni two inaanzia 18 inaishia 21 kwa hiyo iko salama, na hata angepata A ya fizikia ingepanda tu, lakini F haijaishusha. Jirani yako hapo yuko sahihi.

Kuja kwenye form five hali ni tofauti, pale wanaangalia krediti yaani A, B au C, inabidi awe nazo angalau tatu na za dini hazihesabiwi. Yeye anazo sita. Lakini kombi inajengwa na masomo matatu yenyewe, huwezi kupangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, wakati P yako ni F, hiyo ifute kichwani. Kilichosimama vizuri pale ni HGK, Historia C, Jiografia B, Kiswahili B, na HGL ipo pia, Kiingereza badala ya Kiswahili. CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, naona watu watamshawishi kwa sababu ina baiolojia na haina fizikia, ila kemia ya D kwenda nayo form five mimi simshauri mtoto wa mtu, nimewaona wanavyohangaika na kemia ya kule.

Sasa chuo. Vyuo vya afya havikuulizi divisheni. Fungua kitabu cha mwongozo cha NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, utafute kozi ya uuguzi na ukunga ngazi ya diploma, utakuta wanataka ufaulu wa D kwenda juu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima iwepo kemia, baiolojia na fizikia, au sayansi ya uhandisi badala ya fizikia kwa waliosoma ufundi. Hapo mtu mwenye divisheni four ya pointi 30 lakini ana D ya fizikia anaingia kwenye foleni, mdogo wako mwenye two ya 20 anaachwa nje. Najua inauma ila ndo hivyo, bora ulijue leo.

tabibu wa wilayani

Ticha kasema ukweli mtupu. Naongeza la kwangu kwa sababu mimi somo moja limenicheleweshea maisha miaka sita.

Mimi ni tabibu, nilisoma diploma ya utabibu nikamaliza nikapangiwa kituo cha afya kijijini huko. Form four hesabu nilipata F. Najua hesabu siyo opsheni lakini nisikilizeni kwanza maana mantiki ni ileile. Wakati naingia chuo F ile haikunizuia, walitaka kemia, baiolojia na fizikia na zote nilikuwa nazo, nikasema basi hesabu nimeshaachana nayo. Nikafanya kazi, nikazalisha akina mama usiku kwa tochi ya simu, nikasema sasa narudi kusoma udaktari. GPA yangu, yaani wastani wa alama za chuo, ilikuwa juu ya 3.0 wanayotaka. Nikakaa kwenye kompyuta ya stationari pale mjini najaza maombi, kila nikichagua udaktari inaniambia huna sifa. Kijana wa stationari akajaribu mara tatu anadhani ni mtandao. Ndo kwenda kusoma mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, vizuri nikakuta kwa sisi tunaotokea diploma, pamoja na ile GPA wanataka D ya form four kwenye hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Yote matano. Somo nililolizika nikiwa na miaka kumi na nane limenisubiri mlangoni nikiwa na thelathini na moja.

Nikarisiti, yaani nikarudia mtihani. Nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea hesabu peke yake, nikawa nasoma zamu ya usiku wagonjwa wakitulia, nikakaa chumba cha mtihani na vijana ambao wengine niliwatibu malaria wakiwa wadogo. Nikapata D. Nilivyoomba udaktari nikapeleka vyeti viwili, cha zamani na hicho chenye somo moja, vikapokelewa.

Kwa hiyo kaka, hiyo F ya fizikia usiseme haina shida na usiseme ndo mwisho, ni mlango umefungwa na funguo ipo. Ila kama anajua moyoni afya ndo anayoitaka arisiti MWAKA HUU, akili bado ina moto wa shule. Na akiwa anarisiti aangalie hiyo hesabu na kemia za D asizidharau, kwa huko mbele zinamtosha ila kwa kiwango cha chini kabisa.

Mama Wawili

Jamani naombeni nami niingilie kidogo maana Ticha kataja masomo ya dini na mimi limenikuta. Kijana wangu wa kwanza alipata D nne tu, Kiswahili, Uraia, Historia na ya nne ni ya dini. Kwenye cheti tukahesabu nne, nikauza shamba la mihogo robo eka nikamlipia fomu na nauli, tumefika chuoni dada wa mapokezi kahesabu kwa kalamu akasema mama huyu ana tatu. Nikamwambia hebu hesabu tena. Akanionyesha maandishi kwenye mwongozo, masomo yasiyo ya dini. Nilirudi na basi la usiku silali nawaza. Siwalaumu wale waliofundisha dini, mtoto amepata maadili na nashukuru, lakini hakuna mtu shuleni aliyetuambia kwamba kwenye kuomba chuo hiyo D haiingii kwenye zile nne. Wazazi tunaona karatasi ina D nne tunajua ni nne. Wenye watoto form two sasa hivi wanaochagua masomo waambieni mapema.

Sasa hivi yuko chuo cha ufundi stadi anasomea umeme wa majumbani na anaendelea vizuri namshukuru Mungu.

Mpiga Debe

Mama Wawili pole sana, hilo nilikuwa silijui. Na kaka wa Kyela naomba radhi, nilijibu kwa niliyoyasikia mtaani, nilikuwa najua kwa sababu divisheni haiguswi basi na chuo ni hivyohivyo.

HGE wa zamani

Mimi niongelee upande wa form six maana huyo binti akienda HGK asije akafanya kosa langu. Nilisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, nikajiambia uchumi ni mgumu ngoja nikaze historia na jiografia, uchumi utajijua. Nikatoka na Historia C, Jiografia D, Uchumi F. Divisheni three. Kwenye vyuo vikuu wanataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya kombi uliyopata E kwenda juu, zinazofikisha pointi 4, na kule pointi zinahesabiwa kinyume na za form four, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mimi C na D nikawa na 5 kwa hiyo sifa ninayo, nikashangilia. Halafu nafungua orodha ya kozi naona zile za uchumi nilizokuwa naziwinda zinanitaka na hilo somo lenyewe. Nilikuwa nataka kuwa mchumi wa halmashauri tangu form three. Nikaishia ualimu wa Historia na Jiografia. Nimeipenda kazi baada ya muda na wanafunzi wangu nawapenda, lakini haikuwa safari niliyopanga na ningependa mtu aniambie kipindi kile kwamba pointi 4 zinakufikisha getini tu na kila kozi ina masharti yake ndani.



kaka wa Kyela

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimemsomea mdogo wangu majibu yote jana usiku tukiwa jikoni, alipofika kwa tabibu akaniomba nirudie mara ya pili.

Kuna hili naomba mnimalizie. Mzee anasema aende tu HGK akapate digrii yake awe mwalimu au mwanasheria, mwaka mzima nyumbani mtoto wa kike ataharibika. Mama anasema arisiti. Na mtu mwingine kaniambia famasi hawahitaji fizikia. Nifanyeje?

Ticha wa Maabara

Famasi ni kweli kaka, diploma ya famasi ile misingi yake ni kemia na baiolojia, fizikia hawailazimishi. Kwa kemia D na baiolojia C masharti ya chini anayatimiza leo hii bila kurisiti chochote. Lakini muulize yeye kwanza, famasi ni kazi ya dawa na unesi ni kazi ya mgonjwa, mtoto aliyemfunga bibi bandeji miaka mitatu anaweza asifurahi nyuma ya dirisha la dawa au anaweza akafurahi, mimi simjui.

Kuhusu mzee wako namwelewa, hofu yake siyo ya kupuuza. Mwambie hivi kwa heshima, hapotezi HGK kwa kujisajili kurisiti. Nafasi ya form five akipangiwa atakuwa nayo mkononi mkae kikao mwamue, na dirisha la kubadilisha kombi na vyuo kwenye selform, ile tovuti ya serikali ya kuchagua, likifunguliwa usilipitishe, ingia na yeye mwenyewe akiwa pembeni yako. Ila kikao kisikae bila tarehe za usajili wa kujitegemea kuwa mezani, usajili ni mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa ada inaongezeka, na mtihani ni Novemba. Ukienda kujisajili usichague kituo kwa sababu kiko karibu, uliza kwanza kama wana maabara ya fizikia inayofanya kazi na kama wanapokea watahiniwa wa fizikia, nimeona watu wanalipa ndo wanaambiwa hapa tunachukua masomo ya sanaa tu.

Na hili mwambie yeye mwenyewe. D inaanzia alama 30. Simwambii alenge 30, alenge 50, ila ajue kwamba ukuta anaoogopa urefu wake ni huo. Mtu aliyepata C ya baiolojia kwa kusoma kwenye shule kama ile hawezi kushindwa 30 za fizikia akipata mtu wa kumwelekeza miezi minane. Asianze na form four, aanze na vitabu vya form one na two, mgandamizo, kuelea na kuzama, mashine rahisi, umeme, sumaku. Kule ndo wanafunzi wengi msingi wao umekatika halafu wanakuja kukariri mawimbi na mionzi bila kujua kani ni nini. Na umeme asiusome kwa macho. Mnunulie betri za tochi, balbu ndogo mbili na waya mita moja, hazifiki bei ya kilo mbili za mchele, aunge mwenyewe.

tabibu wa wilayani

Kwa mzee ongeza hili, manesi wa kituo changu watatu kati ya watano walirisiti somo moja au mawili. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuwauliza.

kaka wa Kyela

Narudi na mrejesho. Tumekaa kikao jumapili baada ya kanisa, mzee alikuwa mgumu mwanzoni, mama akamsomea ile ya tabibu kwenye simu yangu akanyamaza muda mrefu halafu akauliza hiyo ada ya usajili shilingi ngapi. Mdogo wangu kaulizwa famasi kasema hapana, anataka unesi. Jumatano nimempeleka kujisajili, kituo cha kwanza kweli walituambia hawana maabara kama Ticha ulivyosema, tukaenda cha pili tukakuta mwalimu wa fizikia yupo na kakubali kumfundisha jumamosi tatu kwa mwezi, mzee atamlipa kwa mchele msimu ukifika.

Betri na balbu nimenunua juzi. Usiku huu saa nne bado yuko barazani na waya kaufunga na plasta ya kidonda kwa sababu gundi hatuna. Ticha, mdogo wangu anaomba nikuulize, balbu mbili akizipanga kwenye njia moja zinawaka kwa kufifia, kila moja akiipa njia yake kutoka kwenye betri zilezile zinawaka kali zote mbili. Anasema kitabu kimeandika jibu ila hajalielewa na hataki kulikariri.